Nusaiba na Kipande Kisicho na Jina

Hebu mlete Nusaiba machoni pako, anaingia kazini Jumatatu saa mbili kasorobo ya asubuhi. Anakuja kwa miguu, pindo la buibui limeshika vumbi jeupe la matumbawe, mkono mmoja una chupa ya chai na mwengine una funguo za ofisi, amezibana kama mtu anayeogopa zitaruka. Ni mfupi, ana miaka ishirini na mitatu, na akifikiri husema peke yake kwa sauti ndogo. Leo ni siku yake ya kumi na mbili kazini. Ukimuuliza atakwambia kumi na mbili, na atakuhesabia.

Ofisi anayoifungua ni vyumba viwili vya matofali hapa Shumba, hatua chache kutoka msikitini, na juu ya mlango pana kibao: Ushirika wa Wakulima wa Mwani, Tusichoke. Chumba cha mbele kimejaa marobota ya kamba na mafungu ya vigingi vipya. Chumba cha nyuma kina meza, na juu ya meza pana kompyuta kubwa ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, kama mkate uliofunikwa usikauke. Ndani ya kompyuta ile mna mambo mengi yasiyo na maana, na mna faili moja lenye maana. Watu wote wa ushirika huliita databesi, hata wale wasiojua databesi ni kitu gani.

Asiyewahi kufika huku atauliza, kwani bahari nayo ina mipaka? Ina, ndugu yangu. Maji yakipwa, kule ufukweni kila mwanamke ana kipande chake, kina vigingi vyake na kamba zake, na mwani wake umening'inia humo. Wapo wenye kipande kimoja, wapo wenye viwili, na sheria ya ushirika haimruhusu mtu kupita vitatu. Vyote pamoja ni vipande mia nne na sita, na kila kimoja kina namba, jina la mwenyewe na majirani zake wanne: wa upande wa kibla, yaani kaskazini, wa suheli, yaani kusini, wa matlai, yaani mashariki, na wa magharibi. Ndivyo wazee walivyokuwa wakiandikishana mashamba ya mikarafuu, na Maher, aliyetengeneza ile databesi, akaona naye aandike vivyo hivyo. Mtu hapotei ukimjua aliyekaa ubavuni mwake.

Sasa wiki mbili kabla ya Jumatatu hii bahari ilichafuka siku tatu mfululizo. Ilipotulia, hapakuwa na kigingi hata kimoja kilichosimama. Ufukwe ulikuwa mweupe kama kiganja. Na bamvua lilikuwa linakuja Alkhamisi, maji yatoke mpaka mbali, na wanawake wote washuke na vigingi vipya wapande kila mtu pake. Pake wapi? Hilo lilikuwa linajulikana na kompyuta peke yake.

Nusaiba akafunua kitambaa, akawasha, akamimina chai. Akabofya lile faili. Badala ya kufunguka, kikatokea kisanduku cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza, kwamba faili hili muundo wake hautambuliki. Akakifunga. Akabofya tena. Kisanduku kile kile.

"Usinifanyie hivyo," akaiambia kompyuta. "Ijumaa tulikuwa pamoja hapa."

Mara ya tatu kisanduku kikamwambia zaidi, kwamba faili limo mkononi mwa mtu mwengine. Akageuka nyuma, kweli kabisa aligeuka, akatazama kama yuko mtu chumbani. Hakuwapo.

Bi Shamima, katibu wa ushirika, alifika saa tatu na mkoba wake kwapani. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka baharini, na moyo wake si mbaya ila subira yake ni fupi.

"Sabalkheri, Nusaiba. Nifungulie ile orodha niitazame."

"Sabalkheri, Bi Shamima. Databesi haifunguki."

"Haifunguki vipi? Mlango?"

"Imeharibika."

Bi Shamima akaweka mkoba juu ya meza polepole, kama anaweka yai. "Mwanangu, Alkhamisi wanashuka wanawake mia mbili na ushei, na kila mmoja anasema kile cha kwenye maji mengi ndicho chake. Unataka wapigane na vigingi mkononi?"

"Karatasi za upimaji zipo?"

"Zilikuwepo. Mchwa walizisoma mwanzo hadi mwisho."

"Na flashi ya Maher?"

Flashi ilikuwepo, ndani ya mtoto wa meza, yaani droo, imefungwa kwenye kitambaa. Nusaiba akaitia, akafungua kopi iliyomo. Ilikuwa kopi ya zamani, ya kabla vipande havijapimwa upya mwaka jana. Namba zote zilikuwa nyengine na watu walikuwa wamekaa sehemu nyengine. Kuitumia hiyo ni kuanzisha ugomvi kwa maandishi.

"Basi namwita yule fundi wa Wete," akasema Bi Shamima, na simu ameshaitoa. "Atapiga windo upya, kompyuta yote ianze mwanzo, itakaa sawa."

Hapa ndipo Nusaiba, ambaye siku kumi na moja zote alikuwa akisema ndiyo Bi Shamima, haya Bi Shamima, aliposema neno jengine.

"Akipiga windo upya atafuta na kilichobaki. Usimwite. Nipe mpaka Jumatano adhuhuri."

"Wewe? Umesoma kompyuta miezi mitatu."

"Miezi mitatu na wiki mbili."

Bi Shamima akamtazama. Kisha akacheka kidogo bila kutaka. "Haya. Jumatano adhuhuri. Isipotengenea, namwita, na wewe utakwenda kusimama baina ya wale wanawake."

Mtu wa kwanza kuuliza habari alikuwa Bimkubwa. Habari ya databesi ilitoka pale ofisini ikafika mtaani kabla ya jua kuwa kali, na Bimkubwa akaja na mkongojo wake, akakaa kwenye robota la kamba. Ni mjane, mwembamba, ana kipande kimoja tu duniani, cha ardhini hana. Msimu wa mwaka jana aliteguka nyonga, akalala miezi mitano. Kipande chake ni namba 217, kile kilicho ukingoni mwa mkondo, ambapo maji hayapungui sana na mwani hauchomeki kwa jua. Kila mtu anakitamani, na sasa hakina kigingi.

"Jina langu limo?" akauliza.

"Sijui bado, bibi. Nalitafuta."

"Mwaka jana walipopima mimi nilikuwa kitandani. Sikushuka kushuhudia. Kama halimo humo, mjukuu wangu, halimo popote."

"Nitalitafuta mpaka nilipate."

"Na kama limefutika?"

Nusaiba akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa. Hebu ukumbuke neno hili la Bimkubwa, maana siku zote tatu ndilo lililokuwa likimsukuma Nusaiba: kama halimo humo, halimo popote.

Akampigia simu Maher. Maher yuko Maskati siku hizi, anauza simu kwenye duka la mjomba wake. Ilipokelewa mara ya tatu.

"Nusaiba! Umeshaiua?"

"Haijafa. Inasema imo mkononi mwa mtu."

"Tazama pembeni mwake, mna kifaili kidogo cha jina lile lile?"

"Kimo."

"Hicho ni kama viatu mlangoni. Mtu akiingia huviacha, akitoka huvivaa. Sasa mtu katoka kwa kishindo, viatu vimebaki, na kompyuta inadhani yumo ndani. Viondoe. Lakini kabla ya yote, umeshafanya kopi?"

"Ya lile lililoharibika? Ya nini?"

"Ewe! Ya lile lililoharibika, ndiyo. Ufanyie majaribio kopi, usilifanyie lenyewe. Ukiligusa ukalimaliza, utalia na nani?"

Nusaiba akafanya kopi. Akaiita kopi ya kwanza. Halafu kwa kuogopa akafanya ya pili, na ya tatu akaitia kwenye flashi, akaitia flashi ndani ya mkoba wake, na mkoba akaukalia. Akaondoa kile kifaili cha viatu. Kisanduku cha kwanza kikarudi: muundo hautambuliki. Akatafuta kwenye programu ile sehemu ya kubana na kukarabati, akabofya. Mstari wa kijani ukatembea, ukafika nusu, ukasimama. Akaungoja mpaka chai ikapoa. Haukwenda.

"Haya," akasema peke yake. "Njia hiyo imeziba. Njia nyengine."

Siku ile alikwenda nyumbani na daftari limejaa maneno ya kwenye visanduku, ameyanakili yote kwa mkono, na maana zake ameziandika kando.

Mama yake, Saada, alikuwa barazani anatengeneza kamba za Alkhamisi. Saada naye ni mkulima wa mwani, ana vipande vyake vitatu, na mikono yake imechanikachanika kwa chumvi.

"Nasikia mashine yenu imesahau," akasema bila kuinua uso.

"Itakumbuka, mama."

"Ile 217 imesahauliwa?"

Nusaiba akakaa. "Kwa nini 217?"

"Kwa sababu nimeilima mimi. Bimkubwa alipolala nani alikishika kile kipande? Kamba nilitia mimi, vigingi nilikata mimi, na kila wiki nilimpelekea uji na dawa. Walipopita wapimaji walinikuta mimi nimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Sasa kwenye karatasi wameandika nani, sijui. Lakini kama limefutika, mwanangu, limefutika; nami nitarudisha kimoja changu, nisipite vitatu. Anayeandika si ni wewe?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nusaiba akaingia ndani, akala chakula hakujua ni nini.

Jumanne asubuhi alikuja na njia nyengine. Kama nyumba imebomoka hujengi juu ya kifusi, unajenga mpya na kuhamisha vyombo. Akafungua databesi mpya, tupu, na kuanza kuvuta ndani yake jedwali moja moja kutoka kwenye kopi ya kwanza. Jedwali la watu, ambalo lina majina ya wanachama, simu zao na idadi ya vipande vya kila mmoja, likaja zima. Akapiga makofi mara moja, akajizuia. Jedwali la vipande likakataa.

Akajaribu tena. Likakataa. Akaanza kulivuta kwa mafungu, hii mia ya kwanza, ikaja. Ya pili, ikaja. Ya tatu ikagoma. Hapa akafanya kama afanyavyo mtu mwenye kamba ndefu iliyooza mahali asipopajua: akaigawa ile mia nusu kwa nusu. Nusu hii nzima, nusu ile imeoza. Ile iliyooza akaigawa tena. Alikuwa kwenye mafungu ya kumi kumi, ameinamia kioo, ulimi nje kidogo, adhana ya adhuhuri ikaanza.

Na kompyuta ikazimika pu.

"La ilaha illallah!" Taa imezimika, pangaboi linapunguza mwendo. Umeme umekatika, akawaza, kama Ijumaa. Kisha akasimama akasikiliza.

Adhana ilikuwa inaendelea. Kwa kipaza sauti. Na dukani kwa jirani mashine ya kusagia juisi ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Umeme gani huu uliokatika kwao peke yao?

Akatoka nje mbio. Kwenye ukuta wa upande, chini ya kisanduku cha swichi kuu, alikuwa amesimama Mzee Ngwali, mlinzi wa ofisi, kofia kichwani, birika la udhu mkononi, na mkono wake wa kulia ndio kwanza unatoka kwenye swichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujatia udhu bado?"

"Umezima wewe?"

"Nimezima mimi. Kwani azime nani?"

"Na Ijumaa?"

"Na Ijumaa. Na Alkhamisi. Miaka miwili sasa, kila adhana ya adhuhuri. Kuna siku birika la umeme lilisahauliwa linachemka, watu wamo msikitini, likayeyuka mpaka kwenye meza, ofisi ikaponea chupuchupu. Tangu siku ile nimesema, wakati wa sala hapa hapabaki kitu kinachochemka."

Sasa mtazame Nusaiba. Siku mbili za kazi yake, hofu ya wanawake mia mbili, usingizi wa Bimkubwa, chanzo chake ni mzee huyu mwenye kofia safi ambaye ni mkubwa kuliko baba yake, na nia yake ilikuwa kuinusuru ofisi. Siku kumi za mwanzo Nusaiba alikuwa akifunga kompyuta mapema ateremke pwani na Bi Shamima, kwa hiyo hakuwahi kuikuta adhana akiwa kwenye kioo. Ijumaa ilikuwa mara yake ya kwanza, na jana alikuwa ameizima mapema akaenda kusali. Alikuwa akiandika, giza likaingia, akadhani ni mambo ya umeme wa kila siku, akavaa viatu akaenda zake. Kupayuka angeweza. Akashusha sauti.

"Mzee Ngwali, ile databesi ukiizima ghafla ni kama mtu yumo kwenye sijda ukamvuta kanzu. Akirudi hajui yuko rakaa ya ngapi."

Mzee akashusha birika. "Unasema kweli?"

"Ijumaa ndivyo ilivyoharibika. Na sasa hivi nilikuwa katikati."

"Astaghfirullah. Kumbe nimekuwa nikimvunjia mtu sala yake." Akakunja uso. "Mbona Maher hakunambia?"

Nusaiba alimuuliza Maher swali hilo hilo kwa simu baadaye. Maher akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilikuwa nafunga kabla ya adhana, kila siku. Hukuambiwa?"

"Na nani?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Kila mtu ni wewe na Mzee Ngwali!"

Pale ukutani lakini hapakuwa na kucheka. "Tufanye hivi," akasema Nusaiba. "Usiache kuzima, maana lile birika ni kweli. Lakini kabla ya kuzima, nibishie hodi. Nikisema karibu, ujue nimeshamtoa."

"Nitabisha," akasema Mzee Ngwali. "Na kama huitiki?"

"Basi na iteketee ofisi, lakini usizime."

Mzee akamtazama, akaona hatanii, akarudisha swichi mwenyewe.

Kopi ya kwanza ilikuwa imekufa kabisa sasa. Ndiyo maana ya kopi ya pili. Akaanza upya tangu mwanzo, bila kulalama, na kufikia alasiri ameligawa lile fungu mpaka amekifikia kidonda chenyewe. Vipande mia tatu na tisini na saba vilikuwa vizima. Tisa vilikuwa vimekwenda: kuanzia 214 mpaka 222, safu moja iliyokaa sambamba. Mahali pao palikuwa na alama za ajabu, miraba na viulizi na herufi za Kichina.

217 ilikuwa katikati yao.

Alikaa akiitazama safu ile mpaka Bi Shamima akaja kusimama nyuma yake.

"Tisa tu? Basi si umemaliza! Hao tisa tutawauliza wenyewe."

"Tukiwauliza wenyewe, 217 watajitokeza wangapi?"

Bi Shamima alikuwa anajua watajitokeza wangapi.

"Ilikuwaje hata ikaharibika?" akauliza badala yake.

"Umeme ulizimika nami sijaifunga. Ni uzembe wangu."

Kutoka chumba cha mbele sauti ya Mzee Ngwali ikaitika: "Si wake peke yake, Bi Shamima! Swichi nimeizima mimi!" Na pakawa na maneno baina ya wakubwa wawili ambayo Nusaiba hakuyasikiliza, kwa sababu pale pale alikuwa ameona kitu.

Majirani.

Safu ya 214 mpaka 222 imepotea, lakini safu iliyo upande wake wa kibla ipo, na iliyo upande wake wa suheli ipo. Na kila kipande kizima kinamtaja jirani yake. Akafungua kipande kilicho juu ya 214. Upande wa suheli kimepakana na nani? Shariffa. Akafungua kilicho chini yake. Upande wa kibla kimepakana na nani? Shariffa. Mashahidi wawili, neno moja. Akaandika: 214, Shariffa. 215, mashahidi wawili, jina moja. 216, vivyo hivyo. Akairuka moja, akaenda 218, 219, mpaka 222, na kila mahali wa juu na wa chini wakakubaliana. Nane.

Kisha akarudi kwenye ile aliyoiruka.

Jirani wa upande wa kibla alisema: nimepakana na Bimkubwa. Jirani wa upande wa suheli alisema: nimepakana na Saada.

Akasoma mara mbili. Mmoja alimtaja mwenye mali, mwengine alimtaja aliyemuona majini. Wala hapana aliyesema uongo. Nusaiba akafunga kompyuta, akaifunika kitambaa chake, akaenda nyumbani, na usiku yeye na mama yake walikula wakisikilizana kijiko.

Jumatano alifika kabla ya Mzee Ngwali. Usiku alikuwa amewaza, na alichokipata ni hiki: shahidi wa tatu yupo, ila hakusimama ufukweni. Akafungua jedwali la watu, lile lililokuja zima tangu mwanzo. Mbele ya kila mwanachama pameandikwa ana vipande vingapi. Alianza na wale wanane wengine, makusudi, asijidanganye. Shariffa, vitatu, akahesabu vilivyosalimika, viwili, pamoja na ile 214, vitatu. Sawa. Wa pili, sawa. Akawamaliza wote wanane na hesabu ikakaa. Ndipo alipofika kwa mama yake.

Saada: vitatu. Akatafuta jina lake kwenye vipande vizima. 88. 89. 305. Vitatu, vimetimia, na cha nne sheria haimruhusu.

Bimkubwa: kimoja. Akatafuta jina lake kwenye vipande vyote mia tatu na tisini na saba. Hakuna. Akatafuta tena, kwa jina, kisha kwa jina la baba yake. Hakuna.

Kipande kisicho na jina kilikuwa kimoja, na mtu asiye na kipande alikuwa mmoja.

Nusaiba hakuandika mara moja. Nisikufiche hilo. Kidole kilikaa juu ya herufi, na kichwani mwake mlikuwa na mikono ya mama yake iliyochanika, na uji wa kila wiki, na kamba ambazo mama hakulipwa wala hakudai. Hakuna mtu mwengine aliyeweza kuifanya hesabu ile. Bi Shamima hajui jedwali ni nini, Maher yuko Maskati, na kompyuta haina mdomo. Kisha akakumbuka amekaa hapo kwa ajili ya nini, akabofya herufi ya kwanza, na zilizobaki zikafuata. 217: Bimkubwa. Akahifadhi. Akafanya kopi, na kopi ya kopi.

"Hodi!" sauti ya Mzee Ngwali dirishani. "Adhana hiyo inakuja. Mtoe mtu wako!"

"Karibu, mzee! Ameshatoka!"

Adhuhuri ilikuwa haijaingia bado. Bi Shamima alipoambiwa tayari, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akatuma mtu Micheweni na flashi, kwa mwenye duka la stesheni lenye mashine ya kuchapisha, orodha ikachapishwe. Alasiri ikarudi, kurasa kumi na moja bado zina harufu ya wino, na Bi Shamima akamkabidhi Nusaiba pamoja na gundi. "Kabandike mlangoni. Kazi yako hiyo, ubandike mwenyewe."

Nusaiba akatoka. Wanawake walikuwa hawajaanza kuja, walikuwa bado mashambani na majikoni. Aliyekuwepo alikuwa mmoja tu, amesimama kivulini mwa ukuta, leso begani, mikono imefumbatwa.

"Imekumbuka?" akauliza mama yake.

"Imekumbuka, mama."

"Ikasema nani?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwake, ukurasa wa sita juu. Jibu jepesi lilikuwa limeshafika ulimini: kompyuta ndiyo iliyosema, mama, mimi sina langu. Lingepokelewa. Hapa kwetu mtu hagombani na kompyuta, na mama angekwenda zake akiilaumu mashine, wakala pamoja usiku kama kawaida. Wala lisingekuwa uongo mtupu, maana namba zilitoka humo. Ila aliyehesabu ni yeye, na aliyeandika ni yeye, na mama yake alikuwa anamtazama yeye, hatazami karatasi.

Sasa nambie wewe, mama angekuwa wako: ungeiachia kompyuta ikujibie, au ungejibu mwenyewe?